Boti tatu za tanga kwa Ziwa Victoria: nilichokiona kabla ya kutoa hela

Nianze na jibu, kwa sababu najua wengi mnaosoma mnalitaka hilo kwanza. Katika boti tatu za zamani nilizozikagua mwaka huu, iliyoundwa vizuri kuliko zote ni Contessa 26. Inayopendeza macho kuliko zote ni Folkboat ya mbao. Ninayoinunua ni Westerly Centaur. Kaka yangu anasema nimechagua nyumba ya kupanga inayoelea, na sibishani naye sana, ila yeye hapeleki wageni popote.

Mimi ni mtu wa Ukerewe, binti wa fundi mitumbwi, na sasa naishi Mwanza. Kazi yangu ni kuzungusha wageni ziwani: Saanane kwa saa chache, Ukerewe kwa siku mbili tatu, mara mojamoja mpaka Kome na Maisome. Mpaka leo natumia boti ya mbao yenye mashine nyuma. Inafanya kazi, lakini inakunywa petroli, inapiga kelele, na jua likizama lazima niwe nimeshawapatia wageni gesti. Nilichokuwa natafuta ni chombo cha tanga cha kulala watu wanne, yaani wageni wawili, mimi na kijana wangu wa kazi, chenye jiko, choo, na uzito wa kustahimili ziwa likichafuka.

Mpya ya namna hiyo siiwezi. Za zamani zipo chache, zililetwa kwa lori kutoka pwani na watu waliokuwa na kazi huku, wakamaliza mikataba yao wakaziacha. Hizi tatu zina urefu unaokaribiana, futi 25 na 26, na zote zilichorwa Ulaya kwa ajili ya bahari ya baridi. Hilo la baridi lishikeni, maana ndilo lililoniamulia mambo mengi.

Folkboat iko Musoma, uani kwa mzee mmoja, juu ya magogo na chini ya turubai. Mchoro wake ni wa mwaka 1942. Watu wa matanga wa nchi za Skandinavia walitangaza mashindano ya kuchora boti ndogo ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeimudu. Hakuna mchoro mmoja ulioibuka mshindi. Wakachukua mazuri ya michoro kadhaa, na Msweden Tord Sundén akayaunganisha kuwa kitu kimoja. Urefu wake ni mita 7.68, upana mita 2.20, na inazama mita 1.20. Kiasi cha nusu ya uzito wake wote ni chuma kilichofungwa chini kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti.

Nilikwenda na baba. Ameacha kuunda mitumbwi kwa sababu ya mgongo, lakini mkono bado unajua. Hakuangalia mlingoti wala matanga. Alipiga magoti ubavuni, akaanza kupapasa maungio. Kwetu mbao zinakutana ukingo kwa ukingo, tunashindilia pamba katikati, tunapigilia misumari, na wengine wanafunika mshono kwa ukanda wa bati. Folkboat mbao zake zimepandana: ubao wa juu unalalia ukingo wa ubao wa chini, na wote wawili wamebanwa kwa ribiti za shaba, ribiti baada ya ribiti, kutoka mbele mpaka nyuma. Baba alizipitia kwa ukucha muda mrefu mpaka mwenyeji akaleta kiti.

"Aliyefanya hii," akasema baba, "hakuwa anakimbizwa na mtu."

Kwa baba hiyo ni sifa kubwa. Halafu akatoa kisu kidogo, akaanza kuchoma mbao kwa ncha. Mbele, kisu kiligoma. Ubavuni, kiligoma. Nyuma kabisa, pale mbao zinapokutana na ubao wa tezi, kiliingia bila kusukumwa. Hapo turubai lilikuwa limechanika, na mvua ilikuwa inadondokea mahali pamoja miaka yote hiyo. Watu wa pwani wanaweza kuniambia jahazi linaishi miaka 50. Sawa, lakini linaishi ndani ya chumvi, na chumvi inazuia kuvu wa kuozesha mbao. Sisi maji yetu hayana chumvi, na ya mvua ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yanatuama ndani. Juu ya hapo, boti imekaa nchi kavu mpaka mbao zimesinyaa. Ukiingia ndani unauona mwanga wa nje kupitia maungio. Kusinyaa si ugonjwa, ukiiloweka itavimba na kujifunga. Kuoza ni ugonjwa.

Mpangilio wake nitausema kwa ufupi kwa sababu ni mfupi. Nyuma kuna nafasi kubwa nzuri ya kukaa, mbele kuna chumba cha kujikunja. Mimi si mrefu na bado nilikaa kitako nimeinamisha shingo. Choo ni ndoo. Maji yakiingia pale mnapokaa hayana tundu la kutokea. Yanashuka kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, na mtu lazima ayachote kuyamwaga nje. Kwa watu wawili wanaopendana na wanaojua kusafiri, hii ni boti ya maisha. Mwaka 1960 Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake kwa mashindano katika boti ya aina hii, iitwayo Jester, akiwa ameifanyia mabadiliko ya sitaha na tanga. Lakini hakuwa na mgeni aliyelipia chai ya asubuhi.

Mzee mwenyeji aliniuliza nina shida gani na boti yake. Nikamweleza kwa heshima. Akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe unatafuta hoteli." Nikamwambia ndiyo, mzee, ya watu wanne.

Contessa 26 niliikuta Capri Point, hapa Mwanza, imefungwa kwenye boya, imeota ukijani chini lakini inaelea wima. Ukijua Folkboat, hii huhitaji kutambulishwa: David Sadler alichukua umbo lilelile la Folkboat akalirekebisha kwa ajili ya faiba, na Jeremy Rogers akaanza kuziunda Lymington, Uingereza, mwaka 1966. Baadaye ziliundwa Kanada pia. Urefu mita 7.77, upana mita 2.29, inazama mita 1.22, uzito kama kilo 2,450, na katika hizo zaidi ya kilo 1,000 ni uzito wa chini kwenye mkuku. Ndiyo aina ya boti ambayo binti wa Kimarekani, Tania Aebi, aliondoka nayo New York mwaka 1985 akiwa na miaka 18, akaizunguka dunia, akarudi 1987. Nilimwonyesha mgeni mmoja boti hii na kumsimulia hayo. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Hii?"

Hii. Nilikaa ndani yake siku nzima na tochi, bisibisi na kioo kidogo cha mkononi. Nimekwisha kuona boti za faiba za kila namna kwenye ziwa hili, nyingi zikiwa za mwendo kasi, na najua mahali zinapodanganya. Rangi ya nje haikuambii kitu. Fungua kabati, ingiza kichwa, mulika pale sitaha inapokutana na mwili wa boti. Hapo ndipo fundi mvivu hupachika skrubu mbili tatu na kumwagia gundi. Katika hii maungio yamefunikwa kwa faiba iliyolala vizuri, bila mapovu, hata nyuma ya kabati ambapo mnunuzi wa kawaida hafiki. Halafu angalia vyuma vinavyoshika waya za mlingoti. Mlingoti wa boti haujasimama wenyewe, unashikiliwa na waya, na waya zinashikiliwa na vyuma hivyo. Kimoja kikiachia upepo ukiwa mkali, mlingoti wote unaanguka majini. Hapa nilikuta vyuma vinene na mbao za kuvikaza zikiwa kavu.

Kisha nikapanda juu na kugonga. Unagonga sitaha kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, na masikio yako yafanye kazi. Sitaha nyingi za faiba zina mbao laini katikati ya tabaka mbili. Maji yakiingia kupitia tundu la skrubu, mbao inaloa na sauti inakuwa bubu. Nilipata ububu sehemu ndogo tu kuzunguka chuma cha mbele cha kufungia kamba. Kwa boti ya umri huo ni jambo la kushukuru.

Chini ya maji kulikuwa na malengelenge machache, madogo. Hili nalo lijueni ninyi mnaotaka kununua faiba kwa ajili ya ziwa. Maji hupenya taratibu kwenye gelikoti, ile ngozi ya nje ya faiba, yakikuta kemikali ambazo hazikukauka sawasawa wakati wa kuunda yanachanganyika nazo, na mchanganyiko huo unavuta maji mengine mpaka ngozi inavimba. Maji ya uvuguvugu yanaharakisha jambo hili, na maji yasiyo na chumvi yanaliharakisha pia. Ziwa letu lina yote mawili. Boti iliyokaa miaka 30 Uingereza bila lengelenge, mwulize mwenyewe imekaa miaka mingapi huku.

Na tukiwa hapohapo: zile tonge za zinki zinazofungwa chini ili kutu ile zinki badala ya chuma cha boti, huku hazifai. Ndani ya maji yetu zinki hujivika ganda, ikaacha kazi. Ziwani unafunga magnesiamu. Niliikuta Contessa ina zinki nzima kabisa, haijaliwa, na muuzaji ananionyesha kwa fahari kwamba bado mpya! Nikamwomba nione rangi ya shafti, ule mhimili unaozungusha pangaboi: zinki isipoliwa, chuma ndicho kinacholiwa.

Kwa ubora wa kazi, basi, ninaipa Contessa alama zote. Tatizo linaanza unaposhuka ngazi. Vitanda vya ubavuni vinatazamana, na wakikaa watu wazima wawili magoti yanapishana. Mtu mrefu hasimami wima. Choo kiko mbele chini ya godoro, hakina mlango; anayetaka kukitumia anaomba wenzake watoke nje. Mniambie ninyi, mama mmoja wa makamo amelipa hela yake, saa tisa usiku, mvua inanyesha, nimwambie kijana wangu atoke akae nje?

Huo wembamba una maana yake, nisiwe mchoyo wa haki. Boti ya tanga inakwenda imelala upande. Chumba kipana kikilala upande, mtu aliyesinzia anaviringika na vikombe vinamfuata. Katika Contessa ukilala, ubavu wa boti unakushika huku na ubao wa kitanda unakushika kule, unalala. Ukisimama, kila mahali mkono unapata cha kushika. Aliyeipanga alikuwa anafikiria mtu aliye baharini kwa wiki tatu, kuna baridi, na anataka kujibana. Wageni wangu usiku wanakuwa wametia nanga Ukerewe, kuna joto, na wanataka kujitanua.

Joto lenyewe sasa. Tundu la hewa la mbele ni dogo, na lango la kuingilia ni jembamba. Tuliilalia usiku mmoja kwenye boya, neti tumefunga langoni, na hewa haikupita kabisa. Kijana wangu alihamia juu kabla ya saa sita, akachagua mbu.

Tanga lake, lakini! Tulitoka mchana, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu kama kawaida ya mchana, tukabisha, yaani kwenda kwa zigizaga dhidi ya upepo, kupita Jiwe la Bismarck kuelekea nje. Inainama mapema, halafu inatulia palepale ilipoinama na kukata wimbi. Maji yanapanda mbele, unaloa, hujali. Ukiuachia mkono wa usukani kidogo inaendelea kushika njia yake, kazi ya ule mkuku mrefu unaoshuka taratibu kutoka mbele mpaka kwenye usukani nyuma. Ningekuwa sina biashara, ningeandika mkataba siku ileile.

Centaur iko Luchelele, hapa hapa Mwanza. Ukiiona mara ya kwanza huvutiwi: ubavu mrefu juu ya maji, paa limeinuka, madirisha makubwa. Ilianza kuundwa mwaka 1969, imechorwa na ofisi ya Laurent Giles, na kiwanda cha Westerly kiliuza zaidi ya 2,400, idadi kubwa mno kwa boti ya aina hii. Urefu ni mita 7.92, upana mita 2.57, uzito kama kilo 3,000. Inazama mita 0.91 tu, kwa sababu haina mkuku mmoja katikati. Ina miwili, kulia na kushoto, ya chuma, imefungwa kwa bolti na kutanuka kidogo kwenda nje.

Sababu ya miguu miwili ni ya huko kwao. Pwani za Uingereza maji yakipwa bandari ndogo zinabaki tope, na boti yenye mkuku mmoja inalala ubavu. Hii inasimama wima, mwenyewe anaendelea kunywa chai. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Kwa hiyo mtu anaweza kusema miguu hiyo huku ni bure. Mimi nasema si bure, kwa mambo mawili.

La kwanza ni mawe. Anayelijua ziwa upande wa Mwanza anajua mawe hayaishii ufukweni; yanaendelea chini ya maji, na mengine yanakaa pekee mbali kidogo na kisiwa yakikungoja. Tofauti ya mita 1.22 na mita 0.91 kwenye makaratasi ni ndogo. Kwenye mlango wa mwalo, pale vyombo vinapotia nanga, ni tofauti ya kuingia na kukaa nje. Ongezeni na hili: maji yasiyo na chumvi ni mepesi, kwa hiyo boti iliyochorwa kwa bahari ikija huku inazama karibu sentimita moja zaidi ya ilivyoandikwa. Si nyingi, ila ni upande usioutaka.

La pili ni kuipandisha. Sina kreni. Contessa au Folkboat ukitaka kuipaka rangi chini lazima uijengee kitanda cha mbao na kuiegemeza nguzo pande zote, na usiku upepo ukija hulali. Centaur tunaweza kuivuta juu ya magogo kama tunavyovuta mitumbwi, watu wa kutosha na wimbo, ikifika mchangani inasimama kwa miguu yake.

Sasa ubora wake, na hapa msiniamini mimi tu, ulizeni popote wanapozijua. Miili ya Westerly iliundwa kwa vipimo vya Lloyd's, wakaguzi wa vyombo wa Uingereza, na ni minene. Niligonga kila mahali nikapata sauti kavu. Udhaifu unaojulikana wa Centaur ni pale mkuku unapoungana na mwili. Miguu imetanuka, kila inapokanyaga chini inajaribu kujitanua zaidi, na miaka ikipita faiba ya pale inachoka. Wenye nazo wengi wameongeza mbavu za faiba kwa ndani. Kwa hiyo hapo ndipo nilipoanzia. Nilitoa mbao za sakafuni zote. Kulia ni kuzuri: bolti hazitoi kutu, faiba haina ufa. Kushoto kuna ufa mwembamba kwa nje, na mtu fulani aliwahi kuufunika kwa puti na kupaka rangi juu. Puti haibebi mzigo. Niliipasua kwa bisibisi mbele ya muuzaji, na bei ikaanza kushuka hapohapo.

Dari ni hadithi ya umri. Kama boti nyingi za miaka hiyo, dari imevikwa kitambaa cha plastiki chenye sponji nyuma yake, kimebandikwa kwa gundi. Sponji imegeuka unga. Tulikuwa tunakula ndizi na unga unadondokea kwenye sahani. Nitaking'oa chote na kupaka rangi nyeupe. Tena kwa joto letu sitaki kitambaa, kinafuga ukungu. Injini ya dizeli ya ndani imekufa kwa kukaa bila kuwashwa, na sitaifufua. Nitafunga mashine ya nje, za aina ambayo kila mwalo una fundi wake na spea zake.

Mpangilio ndio ulioninunua. Centaur ziliundwa kwa mipango ya ndani zaidi ya mmoja; hii ina ule wa meza upande mmoja, yenye viti vinavyotazamana, na meza ikishushwa inakuwa kitanda cha watu wawili. Jiko liko upande wa pili. Katikati ya sebule na chumba cha mbele kuna choo, na choo kina mlango. Nimesema kina mlango. Chumba cha mbele kina tundu kubwa la juu. Ukilifungua na lango la nyuma likiwa wazi, upepo wa usiku unaingia mbele na kutoka nyuma. Kijana wangu ana karibu futi sita, na alisimama wima akivaa shati. Karatasi za mauzo zinataja vitanda sita. Ni vinne na stoo mbili. Vile vya nyuma, vinavyoingia chini ya viti vya nje, vina joto la kuchomea mikate, nitaweka madumu ya maji na majaketi ya kuokolea.

Jambo moja la jiko, na hili ni kwa usalama wenu hata kama hamtanunua boti. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, tuliozoea majumbani, usiupeleke ndani ya boti ya namna hii. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani, ukifungua mlango inaweza kutoka. Ikivuja ndani ya boti inashuka sakafuni, inajaa kwenye ngama, na haina mahali pa kutokea. Inakaa inasubiri kiberiti. Mtungi utakaa nje, ndani ya sanduku lenye tundu la chini linalomwaga nje ya boti, na mpira utaingia ndani na koki yake.

Kwa tanga, Centaur haiifikii Contessa, tusidanganyane. Tulibisha kwenye ghuba mchana, na kila tukigeuza tulikuwa tumesogea kidogo kuliko nilivyotaka. Haipandi karibu na upepo, na wimbi fupi likiipiga chini mbele unasikia kishindo. Upepo wa pembeni au wa nyuma inakwenda vizuri, na hailali sana, jambo ambalo wageni wanalipenda kuliko mimi. Kwa safari ya Ukerewe dawa yake ni ratiba: usiku na alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Nitang'oa nanga kabla ya jua, nikiwa nimeshaangalia anga la usiku, maana radi zetu mbaya nyingi zinazaliwa ziwani usiku.

Kuna swali ambalo kila mgeni Mtanzania ananiuliza kabla ya bei, hasa tangu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018 na watu zaidi ya 220 kufa: hii inapinduka? Sisi wa Ukerewe hatuulizi swali hilo kwa kujifurahisha. Jibu la kweli ni hili. Mtumbwi wa mbao ukipinduka unabaki umeelea, na unaweza kuushikilia, lakini hakuna kinachourudisha juu. Boti hizi tatu zina chuma au risasi chini. Ukizilaza, uzito ule unazivuta zirudi. Ila zikijaa maji, uzito uleule unazipeleka chini. Kwa hiyo usalama wake uko kwenye milango, madirisha na matundu. Ndiyo maana madirisha makubwa ya Centaur, ninayoyapenda kwa mwanga, nitayafungua yote na kuyafunga upya kwa mpira mpya kabla ya mgeni kupanda, na lango la kuingilia litapata mbao za kuziba zenye kufuli. Contessa, yenye vidirisha vyake vidogo, ilikuwa mbele yake hapo pia.

Baba nilimleta Luchelele mwishoni. Alizunguka, akagonga, akashuka ndani, akafungua mlango wa choo, akaufunga, akaufungua tena. Akaniambia mkuku wa kushoto nisimpe fundi anayefanya kazi kwa saa, nimpe wa kupatana kwa kazi, na nikae pale pale tabaka za faiba zinapolazwa, kila moja, mpaka ya mwisho. Halafu akauliza wageni wangu ni watu gani hasa wanaolala majini na nyumba zipo.

Tumekubaliana shilingi milioni 18 pamoja na matanga, nanga mbili na kamba. Nusu nimeshatoa, nusu ni baada ya mkuku kukarabatiwa na boti kuelea wiki nzima bila kuingiza maji. Baada ya hapo ni ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ndipo nibebe abiria. Tanga kuu ni zima. La mbele limechakaa na jua mpaka linachanika kwa kidole. Kama kuna mwenye tanga la mbele la boti ya futi 26, hata la kitambaa kilichotumika, anipigie bei. Na kama una Contessa na huna biashara ya wageni, usiiuze.